Pindo la Anayekua

Katika daftari la fundi kuna neno moja linalojirudia kuliko hata kifua na kiuno: anakua. Huliandika kwa penseli pembeni mwa vipimo vya kila mtoto anayeletwa kushonewa sare. Kwake neno hilo ni maelekezo ya kazi. Maana yake ni kwamba pindo la chini liwe la vidole vinne badala ya kidole kimoja, mishono ya ubavuni iachwe mipana, na mikono ya shati ikunjwe kwa ndani mara mbili. Mwaka ukipita, mama mtu halazimiki kutafuta kitambaa kipya. Anarudi na nguo ile ile, fundi anafumua, anaachia, anapiga pasi, na mtoto anaondoka na sketi iliyorefuka pamoja naye.

Kwa watu wazima haandiki kitu. Mtu mzima ameshakuwa alivyo. Atanenepa au atakonda, lakini hayo, husema fundi, ni mambo yake na sufuria zake.

Chumba chake cha kazi kinatazama barabara. Cherehani ya kukanyaga imewekwa mlangoni kabisa ili mwanga uangukie sindano. Meza ya kukatia imeegemea ukuta, na juu yake kuna misumari saba iliyobeba nguo zinazosubiri wenyewe. Kuna kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na mbele ya kioo stuli fupi ya mbao ambayo mteja huipanda wakati wa kupimwa pindo. Stuli hiyo ilitengenezwa na mdogo wake wa kiume, ambaye ni mwashi, na mguu wake mmoja ni mfupi. Kwa miaka kumi na moja kipande cha kadibodi kimeufidia. "Mwashi akishika randa," fundi huwaambia wateja, "shukuruni mna pa kusimama."

Ana miaka arobaini na tatu. Mtaa mzima unamwita Fundi, na wapo waliohamia juzi wanaodhani hilo ndilo jina alilopewa na wazazi. Mdogo wake humwita dada. Binti mkubwa wa huyo mdogo wake, msichana mrefu mwembamba ambaye ukoo mzima unamwita Kijiti, humwita shangazi.

Fundi mwenyewe aliolewa akiwa na miaka kumi na mitano. Kwao neno lililotumika lilikuwa amekua. Alivunja ungo, mama yake akamnong'oneza jirani, jirani akamwambia dada yake, na kabla msimu wa mvua haujaisha habari zilikuwa zimefika kwa watu wenye kijana wa kuoa. Hakuna aliyemchukia. Hilo amelifikiria sana, na kila akilifikiria linampa shida zaidi, maana angekuwepo adui angejua pa kuelekeza hasira zake. Baba alikuwa mgonjwa, shule ilikuwa mbali, wadogo walikuwa wengi, na mtoto wa watu alikuwa dereva wa lori, mpole, hanywi. Kila mmoja alifanya lililoonekana kuwa jema.

Gauni lake lilishonwa na fundi wa kwao, likamkaa kama ngozi. Mwaka uliofuata alilijaribu kwa mchezo tu, likaishia katikati ya goti na kifundo. Alikuwa amerefuka akiwa mke wa mtu. Mumewe alirudi safarini akamsimamisha mlangoni, akapima kwa kiganja toka kichwani kwa mkewe mpaka begani kwake mwenyewe, kisha akauliza kwa sauti ya kutania, "Mimi nilioa mfupi. Huyu nani kamleta?" Watu walicheka, naye alicheka. Mengine ya mwaka ule hakuwahi kumsimulia mtu. Mumewe alifariki kwa ajali akiwa safarini, watoto wawili wakakua wakaondoka, na ndani ya nyumba akabaki yeye na mama mkwe, ambaye fundi alimuuguza mpaka mwisho. Chumba cha bibi yule sasa kimejaa majora ya vitambaa.

Mwaka ule ule wa kuuguza, mdogo wake alianguka. Walikuwa wamemwaga zege la ghorofa ya kwanza, na msimamizi akaamuru nguzo za kulishikilia ziondolewe siku ya tisa kwa kuwa zilihitajika kwingine. Mwashi alisema bado. Akaambiwa anaogopa kivuli chake. Zege lilishuka naye. Alilala chali miezi saba, na hadi leo anatembea kwa mkongojo, hatua ya kwanza mguu, ya pili kuuma meno.

Nyumba yake mwenyewe, kama nyumba nyingi za waashi, ilikuwa haijaisha. Nusu ilikuwa na paa, nusu nyingine ilikuwa na turubai. Aliyekuja kuiezeka ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa miaka thelathini na minne, asiye na mke, ambaye watu wamemzoea kwa jina la Mabati. Alileta mabati, misumari na vijana wa kupigilia, akakataa hata chai. Fundi wakati huo alifika mara mbili tu, mikono mitupu, akiwa na haraka ya kurudi kwa mgonjwa wake. Mambo hayo hayasahauliki, hasa na anayeyakumbuka kwa aibu.

Kijiti alikuwa ameanza sekondari. Kutoka kwao hadi shuleni ni mwendo wa saa moja na nusu, njia inapita kwenye machimbo ya mawe, na vijana wa pikipiki wanajua ratiba ya wanafunzi kuliko walimu. Binti wa jirani alipata mimba kidato cha kwanza. Wiki mbili baadaye Kijiti alionekana akishuka kwenye pikipiki, jua likiwa kali, viatu vyake mkononi kwa sababu kimoja kilikatika. Alieleza. Mama yake alimwamini, lakini majirani hawakuwepo kusikia maelezo. Akaambiwa apumzike shule kidogo, amsaidie baba. Kidogo ikawa muhula mzima. Kisha Mabati akatuma watu wenye adabu kuja kuzungumza.

Fundi alipewa habari kwa simu, kwa ufupi, jambo likiwa limeshaiva. Hakuombwa maoni, aliombwa gauni.

Wifi yake, mke wa mwashi, alifika Jumanne asubuhi.

"Hodi humu! Wifi, upo au umegeuka cherehani?"

"Karibu. Nilidhani umenisusa."

"Nikususe wewe, halafu nivae magunia?"

Kijiti aliingia nyuma ya mama yake, amekumbatia furushi la kitambaa cheupe kinachong'aa, kimefungwa kwenye karatasi ya dukani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Kijiti. Mbona unaingia umeinama? Mlango umefupika au wewe umerefuka?"

"Mlango, shangazi."

Walicheka wote watatu, na kwa dakika moja kilikuwa chumba kama siku nyingine zote. Kisha wifi akafungua karatasi. Kitambaa kilikuwa kizuri, laini, kizito. Alikichagua Mabati mwenyewe. Wifi alikipitisha mkononi taratibu kama mtu anayempapasa paka wa jirani, hajui kama ataruhusiwa.

"Umri wake je?" fundi aliuliza, macho kwenye kitambaa.

"Yamezungumzwa," wifi alijibu.

Hapo ndipo fundi alipopaswa kusema neno. Alilisikia likipanda. Lakini aliona pia mabati mapya ya nyumba ile, na turubai lililokuwepo kabla, na yeye mwenyewe akiaga upesi upesi. Akalimeza. Alichukua tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni na kusema, "Panda stuli, mwanangu."

Alipima kama anavyopima siku zote, toka juu kwenda chini: bega, kifua, mkono, kiuno, urefu. Kijiti alisimama wima kama amesikia wimbo wa taifa. Alikuwa na harufu ya sabuni ya kipande. Kwenye kiwiko alikuwa na kovu jipya, la kuanguka akicheza kamba na wadogo zake. Fundi alikuwa akitaja namba kwa sauti na kuziandika, mikono ikifanya kazi iliyoizoea, akili ikiwa kwingine. Walipoondoka alifunga daftari bila kulisoma.

Gauni lilimchukua siku tisa. Alilikata kwa uangalifu, maana kitambaa kile hakikuwa cha kuombea msamaha. Siku ya saba alikaa mlangoni kushona pindo kwa mkono, na ndipo vidole vyake vilipomwambia kitu ambacho macho hayakuwa yameona. Pindo lilikuwa nene. Akalipima, likawa vidole vinne. Akageuza ubavu, mishono ilikuwa mipana kama ya sare. Akafumua kidogo ncha ya mkono, nayo ilikuwa imekunjwa mara mbili.

Alinyanyuka akachukua daftari. Ukurasa ulikuwa na vipimo vitano, na pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko wake mwenyewe, neno ambalo hakukumbuka kuliandika. Alikuwa amekata gauni la harusi kwa maelekezo ya sketi ya shule.

Kurekebisha kungekuwa kazi ya nusu saa. Kukata ziada, kukunja upya, basi. Alikaa na mkasi mapajani mpaka mwanga ukahama kutoka kwenye cherehani na kwenda ukutani. Kisha akaurudisha mkasi kwenye msumari wake na kumalizia pindo kama lilivyokuwa.

Siku ya kujaribu, mwashi alikuja pia. Alitaka kumwona mwanawe, alisema, ingawa wifi alinong'ona kwamba amekuja kukagua stuli yake. Akaketishwa kwenye kiti karibu na mlango, mkongojo katikati ya magoti. Kijiti alivaa nyuma ya pazia, akatoka, akapanda stuli, na kadibodi ikalia kidogo.

Alipendeza. Hilo halikuwa na ubishi. Wifi aliweka mkono mdomoni. Mwashi alimtazama binti yake, kisha akatazama barabarani.

Fundi alipiga magoti na pini zake kunyoosha sehemu iliyovuta kushoto. Wifi naye aliinama upande wa pili kusaidia, na vidole vyake vikakamata pindo. Akalibonyeza. Akaliinua.

"Wifi, hiki nini?"

"Pindo."

"Naliona ni pindo. Mbona kama la sare? Nguo ya siku moja hii."

"Nilikosea," fundi alisema, pini mbili zikiwa bado mdomoni. Akazitoa. "Niliandika kwenye daftari bila kujua. Niliandika anakua."

"Huyu ameshakua, wifi. Si unamwona?"

"Namwona. Nimempima."

Alinyanyuka, akaleta daftari, akalifungua kwenye meza. Ukurasa wa mwaka juzi, sketi ya kwanza ya sekondari. Ukurasa wa mwaka jana. Ukurasa wa juzi. Hakuhubiri. Alisoma tu namba za urefu, moja baada ya nyingine, na baada ya kila ukurasa akasoma neno la pembeni.

"Unataka kusema nini?" wifi aliuliza. Sauti ilikuwa imeanza kukaza. "Sema, mbona unasoma kama karani?"

"Nataka kusema kitu ambacho sijawahi kusema."

"Basi mtoto atoke kwanza."

"Abaki. Kama anatosha kuolewa, anatosha kusikia."

Kijiti hata hivyo asingeweza kutoka. Upande mmoja wa gauni ulikuwa na pini toka gotini mpaka chini. Alibaki juu ya stuli, watu wazima watatu wakiwa chini yake.

Fundi alisimulia kwa sentensi fupi. Alisema mtoto wake wa kwanza si yule wanayemjua. Alisema kulikuwa na mwingine kabla, wa kike, alipokuwa na miaka kumi na sita. Uchungu ulimshika siku mbili. Mkunga alipoona mambo hayaendi, alimgeukia mama mkwe akamwambia nyonga bado, hizi za mtoto. "Alimwambia yeye," fundi alisema, "hakuniambia mimi. Mimi nilionekana mdogo mno kuambiwa." Mtoto alitoka kimya, akafungwa kitambaa, akapelekwa kuzikwa. Miezi minne baadaye ndiyo mumewe alimpima mlangoni na kuuliza nani kamleta huyu mrefu. "Watu wote mnaikumbuka ile hadithi mnacheka. Na mimi nilicheka. Nilikuwa sijamaliza kukua, ndiyo maana yake."

Mwashi alikuwa amegeuza uso. Wakati huo yeye alikuwa na miaka tisa. Alichokumbuka ni dada aliyerudi nyumbani kwa wiki mbili, akalala sana, na yeye akafurahi kwa kuwa alipata wa kumsimulia hadithi mchana.

"Dada," alisema.

Wifi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa meza ya kukatia. "Pole," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akajikusanya. "Lakini sisi hatukumlazimisha. Muulize mwenyewe, si huyo hapo."

Fundi alimwinulia uso. "Kijiti. Umekubali?"

"Nimekubali, shangazi."

"Umekubali nini?"

Msichana alifikiri. Alishika kitambaa mapajani, akakiachia haraka kwa kuogopa kukikunja. "Baba asiwe na mawazo," alisema. "Na nitakuwa na chumba. Kina ufunguo." Nyumbani alilala na wadogo watatu kitanda kimoja, miguu ya mmoja kwenye mbavu za mwingine.

"Na mwenyewe je? Mabati?"

"Ni mtu mzuri." Akasita, halafu aibu ikamtoka pamoja na kicheko kidogo. "Ila mimi nikimwona namwamkia shikamoo. Juzi alinikataza, alisema watu watatucheka. Najitahidi, shangazi. Lakini inatoka yenyewe."

Hakuna aliyecheka. Barabarani mtu alipita na mkokoteni wenye gurudumu linalolia, wakasikia mlio wake tangu mwanzo wa barabara mpaka mwisho.

Mwashi aligonga sakafu mara moja kwa mkongojo. "Siku ishirini na nane," alisema.

"Nini?" wifi aliuliza.

"Zege. Ukimwaga leo, kesho ukilikanyaga halibonyei. Unaona limekauka. Siku ya tisa unagonga linalia kama jiwe. Lakini ndani bado. Mimi nilijua bado. Nilimwambia."

"Mume wangu, mtoto si zege."

"Najua si zege. Zege likianguka mnanipeleka mimi hospitali. Huyu akianguka, mtampeleka wapi?"

Wifi alifungua mdomo kumjibu, machozi yakamtangulia. Alilia kwa hasira, akijifuta kwa kiganja. Maneno yalitoka yamechanganyika. Kwamba wao wanaongea zege na pindo, lakini yeye ndiye anayekaa mlangoni saa tisa alasiri kuhesabu watoto wanaorudi. Kwamba njia ya machimbo ipo pale pale. Kwamba siku binti akirudi na mimba hakuna atakayeuliza baba alikuwa wapi wala shangazi alikuwa wapi, watauliza mama alimlea vipi. "Mnadhani nafurahi? Nilitaka awe mahali penye mlango unaofungwa. Basi. Hilo tu ndilo nililotaka."

Fundi alilisikia neno lake likipanda tena, na safari hii hakulimeza.

"Chumba cha mama mkwe kina ufunguo," alisema. "Shule yake ni hapo nyuma, dakika kumi, kengele tunaisikia tukiwa humu. Vitambaa nitavihamisha leo."

Wifi alimgeukia. "Kwa nini hukusema mwaka jana?"

Lilikuwa swali la haki, na fundi hakulikwepa. "Mwaka jana chumba kilikuwa na mgonjwa. Alipoondoka, nilisubiri niombwe."

"Na mimi nilisubiri uniambie," wifi alisema. "Nilikuwa naona nikimleta, utasema tumeshindwa kumlisha."

"Ningesema hivyo?"

"Una mdomo, wewe. Usijifanye."

Kwa mara ya kwanza tangu waingie, fundi alicheka kidogo, na wifi akavuta kamasi akacheka naye kwa kulazimika. Mwashi alijiinua kwenye kiti kwa mikono miwili.

"Vua hilo gauni, mwanangu. Mimi nakwenda dukani kwa yule bwana."

"Tumtume mzee aende kusema," wifi alisema.

"Mabati yako juu ya kichwa changu. Nitakwenda mwenyewe."

"Baba, siwezi kuvua," Kijiti alisema toka juu ya stuli. "Nina pini."

Mwashi alikwenda peke yake, kwa hatua zile zile, mguu na meno. Alikaa huko muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Aliporudi walimuuliza amesema nini. Mabati, alisema, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Akauliza kama kuna mwanaume mwingine. Akaambiwa hakuna, kuna shule. Akapanga upya makufuli kwenye rafu, kisha akasema mabati hayashuki, yameshapigiliwa, lakini salamu zimeisha.

Zikaisha kweli. Wifi alilazimika kuzunguka nyuma ya soko ili asipite mbele ya duka lile, na mzunguko huo unamchosha hadi leo. Maneno hayakukosekana: kwamba msichana ana mtu mjini, kwamba shangazi mtu anataka kijakazi wa bure, kwamba mwashi ameezekewa nyumba akageuka. Mwashi aliyasikia yote akiwa chini ya paa lenyewe, na siku za mvua, anasema, bati likipigwa analisikia kama mtu anayemdai maelezo. Gauni lilifungwa kwenye karatasi yake ya dukani na kurudishwa kwa aliyetoa kitambaa.

Fundi hakutarajia kuliona tena. Lakini mwaka uliofuata mwanamke mmoja muuguzi, wa miaka thelathini na kitu, mwenye mabega na kicheko cha kujaza chumba, aliingia na karatasi ile ile. Mabati alibaki nje, mgongo kwenye nguzo ya umeme, akijifanya anasoma tangazo. "Fundi, mwenzangu ana gauni lililokaa tu kabatini," muuguzi alisema. "Linanibana kila mahali. Kuna namna?"

"Ipo," fundi alisema.

Aliachia ubavu wote, mikono yote, pindo lote. Vidole vinne vilitosha, kasoro uzi mmoja. Daftarini aliandika vipimo vipya, na pembeni hakuandika kitu. Muuguzi alipotoka kumwonyesha mchumba jinsi mkono ulivyokaa, Mabati aligeuka, akamwona fundi mlangoni, akainua kidevu kidogo. Haikuwa salamu kamili. Fundi alimrudishia hivyo hivyo.

Kijiti anakaa kwenye chumba cha bibi. Ufunguo ameufunga kwa uzi mweupe na kuuvaa shingoni, ingawa mlango wenyewe haufungi sana. Anafunga, anafungua, anasahau mafuta ya kupaka ndani, anafungua tena. Asubuhi anaosha vyombo kwa kelele. Hesabu zinamtesa, na mwalimu wake wa fizikia anasema mwandiko wake ni wa kuku aliyekunywa dawa. Jumamosi anakaa kwenye cherehani na kushona moja kwa moja kama anaendesha lori la marehemu mume wa shangazi.

Wiki ya kufungua shule alipanda stuli kwa ajili ya sketi ile ile ya kwanza. Fundi alifumua pindo, akaliachia, akapiga pasi. Mahali pindo la zamani lilipokuwa palibaki mstari, kama siku zote, na chini yake kitambaa kilikuwa na rangi iliyokolea kuliko kwingine, kwa sababu hakijawahi kuona jua.

Kijiti aliinama kwenye kioo. "Shangazi, mstari unaonekana."

"Naona."

"Watajua imeachiwa. Wasichana wa kidato cha tatu wana midomo, huwajui."

"Wajue," fundi alisema. "Geuka nione nyuma."

Akageuka, na kadibodi ikalia. Fundi alipitisha tepu toka kiunoni mpaka mwisho wa kitambaa, akasoma namba, akavuta daftari.

"Na hapo utaandika tena lile neno lako," Kijiti alisema, shingo imerefushwa kusoma juu ya bega lake. "Mpaka lini?"

"Simama wima, unanipotezea kipimo," fundi alisema, akaliandika.